Kibandiko cha ganzi: mtoto asilie kabla ya kushonwa

KAMAU: Msikilizaji, karibu tena. Tuko Nairobi, mimi ni Kamau, na dada Halima yuko hapa. Halima, wiki jana ulinitumia ujumbe usiku wa manane ukiwa hospitalini.

HALIMA: Kijana wangu wa miaka 5 alianguka kwenye ngazi za ploti, akapasuka kidevu. Amenikalia mapajani ametulia, anakula biskuti. Muuguzi akaleta trei. Alipoona sindano ya ganzi alinikumbatia shingo hadi kucha zikaniingia. Kushonwa hakukumuuma, Kamau. Kilichomliza ni dawa ya kumzuia asiumie.

KAMAU: Pole sana. Hata mtu mzima huihisi. Lidokeini, yaani hiyo dawa ya ganzi ya chupani, ina asidi kidogo, ndiyo maana inachoma ikiingia. Tena inapojaa chini ya ngozi, inatanua nyama.

HALIMA: Ndipo nikaanza kusoma habari za vibandiko vya visindano. Chukua plasta ndogo. Upande unaogusa ngozi una visindano makumi, hata mamia, na kila kimoja hakifiki milimita moja. Panga karatasi tano za kuandikia: kisindano cha nusu milimita ni kimo hicho.

KAMAU: Tano tu?

HALIMA: Tano tu. Juu kabisa ngozi ina tabaka la seli zilizokufa, unene wa kama mikromita 10 hadi 20, na mikromita 1,000 ndiyo milimita moja. Hilo ndilo linalozuia dawa kupita. Visindano vinalitoboa na kuishia karibu na juu, visichokoze neva za uchungu kama sindano ndefu.

KAMAU: Na dawa inakaa wapi?

HALIMA: Kuna vinavyopakwa dawa kwa nje. Lakini vilivyonivutia ni vile ambavyo kisindano chenyewe ni sukari au polima, kitu kama plastiki inayoyeyuka, na dawa imechanganywa humo. Ukibandua, visindano vimeyeyukia mwilini. Hakuna ncha ya kumdunga muuguzi kwa bahati mbaya.

KAMAU: Na wazo si la jana. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ilitolewa Marekani mwaka 1976, ila hakukuwa na njia ya kuchonga vitu vidogo hivyo. Mwaka 1998 watafiti wa Georgia Tech, chuo kikuu cha Marekani, akiwemo Mark Prausnitz, wakavichonga kwa silikoni, kwa ufundi ule ule wa chipu za kompyuta. Na majuzi, 2024, matokeo ya kibandiko cha chanjo ya surua na rubela kwa watoto wa Gambia yalichapishwa. Afrika hii hii.

HALIMA: Hiyo ya Gambia ilinifurahisha sana. Lakini chanjo inahitaji dawa kidogo mno. Ganzi ni shughuli nyingine. Mililita 5 za lidokeini ya asilimia moja ni miligramu 50, na kibandiko kidogo hakibebi kiasi hicho. Kwa hiyo mimi nakiona kwenye kazi za juu juu: mtoto anatolewa damu, au anawekewa dripu. Kung'oa gego, hapana.

KAMAU: Si kuna krimu ya kupaka tayari?

HALIMA: Ipo, ya lidokeini na prilokeini, dawa nyingine ya ganzi. Inataka ikae imefunikwa kama saa nzima. Sasa mtoto ana homa kali, mshipa unatafutwa, mama amesimama pale. Saa nzima? Kibandiko kinalenga dakika chache. Hapo ndipo roho yangu ilipo.

KAMAU: Na mzazi atakayekuwa kwenye foleni kesho asubuhi?

HALIMA: Aulize. Dawa inaweza kupashwa ifikie joto la mwili. Inaweza kuchanganywa na baikaboneti ili asidi ipungue. Sindano iwe nyembamba, na dawa isukumwe polepole. Yote hayo hupunguza uchungu, na yanawezekana leo. Mimi sikujua, kwa hiyo sikuuliza. Nilimshika mikono tu.