Rangi ya Jodari Isikudanganye

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Walionisikia siku za nyuma wanajua nitakapoanzia, na leo naanzia palepale: baridi. Poke ni lile bakuli la vipande vya samaki mbichi vilivyochanganywa na sosi; sitaeleza zaidi, wengi wenu mmeshaila. Imetoka Hawaii, na tangu miaka ya 2010 imeenea Marekani bara, ikavuka hadi Ulaya na kwingineko. Sina ugomvi na hilo, kwa sababu ni chakula kizuri. Kinachonikera ni kwamba bakuli limesafiri, lakini ujuzi wa kumtunza samaki haukupanda naye ndege.

Tazameni Wahawaii wenyewe wanavyofanya. Honolulu, mji mkuu wao, kuna mnada wa samaki ulioanza mwaka 1952, sasa uko Gati namba 38, na kengele hulia saa 11:30 alfajiri. Jodari wamelazwa kwenye barafu na kila mmoja anauzwa peke yake. Karibu na mkia amekatwa ili nyama ionekane. Mnunuzi anainama, anatazama kama nyama inang'aa au imefifia, anachukua kinyama kidogo na kukisugua kwa vidole asikie mafuta. Halafu anahamia kwa samaki wa pili, na wa tatu. Hanunui rundo, ananunua samaki anayemjua. Sasa niambieni, yule kijana anayewachotea poke kwenye duka la kituo cha treni anajua nini kuhusu samaki aliye mbele yake? Simlaumu yeye. Aliletewa vipande vilivyokwisha kukatwa, ndani ya mfuko, akaambiwa fungua, changanya, uza.

Kwa nini nashikilia baridi kiasi hiki? Nyama ya jodari ina histidini nyingi, moja ya asidi zinazojenga protini. Samaki akishakufa akaachwa kwenye joto, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, kemikali inayomdhuru mlaji. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inataka samaki wa aina hii akae chini ya nyuzi 4.4 za Selsiasi. Sikilizeni hapa, maana ndipo watu wanapokosea: histamini ikishatengenezwa haiondoki. Mgandishe samaki, mkaange, mchemshe, sumu iko palepale. Mlaji anahisi mdomo unawaka kama kala pilipili, uso na shingo vinaiva, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Wengi huondoka wakiamini wana mzio wa samaki, na hawamgusi tena maisha yao yote, kumbe kosa ni la mtu aliyeacha kasha juani.

Najua mtanijibu: lakini yule samaki alikuwa mwekundu kabisa, na hakunuka! Ndiyo maana nalisema hili kila ninapopewa nafasi. Jodari wengi wanaouzwa wakiwa wamegandishwa hupitishwa kwenye gesi ya kaboni monoksidi, au moshi uliochujwa wenye gesi hiyo hiyo. Gesi inashikamana na rangi ya nyama, na nyama inabaki nyekundu hata inapozeeka. Umoja wa Ulaya umeikataza kwa samaki. Marekani inairuhusu. Kwa hiyo ile rangi unayoipigia picha haikuambii kitu. Na hayo maneno "daraja la sushi" yaliyobandikwa dirishani, kana kwamba samaki huyo anafaa kuliwa mbichi? Marekani hayana tafsiri yoyote kisheria. Muuzaji yeyote anaweza kuyaandika.

Kuna anayesema ndimu inaua vijidudu. Haiui vya kutosha. Inaigeuza nyama ikawa nyeupe, ukadhani imeiva, na mnyoo wa anisakisi anaendelea kuishi ndani. Mwingine ananiambia Wahawaii wa kale walikula samaki mbichi kwa chumvi ya bahari, mwani na kokwa za mti wa kukui zilizochomwa na kupondwa, wala hawakuwa na friza. Ni kweli. Na kutoka majini hadi mdomoni hapakuwa na ghala, ndege wala lori. Huwezi kuazima desturi yao ukaacha ufupi wa safari yao.

Kugandisha kunasaidia, lakini kwa minyoo: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Friza ya nyumbani mara nyingi haifiki huko. Jodari wenyewe Marekani wamesamehewa sharti hili, ila salmoni wa mwitu hakusamehewa, na siku hizi salmoni yumo katika kila duka la poke. Bakteria na virusi ni habari nyingine. Mwaka 2015 watu 65 katika majimbo 11 ya Marekani waliugua kwa bakteria wa salmonela, ugonjwa uliohusishwa na jodari mbichi aliyegandishwa. Mwaka 2017, Hawaii kwenyewe, vipande vya jodari wa kuagizwa vilivyogandishwa vilikutwa na virusi vya homa ya ini A. Baridi haikuviua.

Basi ukiingia dukani, usianze na sosi. Tazama lile sinia la chuma. Samaki akirundikwa mpaka akapita ukingo, wa chini yuko kwenye baridi na wa juu anapigwa na joto la chumba. Tazama kama kijiko kimoja kinaingia kwenye samaki na kwenye mboga. Uliza: huyu aligandishwa? Aliyeyushwa lini, na aliyeyushiwa wapi, kwenye jokofu au mezani? Muuzaji asiye na jibu, kula kwake wali na parachichi.

Naona naonyeshwa saa. Wajawazito, samaki mbichi muache, na zebaki ya jodari wakubwa ni sababu ya pili. Nilitaka pia kuzungumzia kampuni ya Chicago iliyotuma barua za mawakili, jambo lililozua hasira mwaka 2018, ikitaka biashara ndogo, zikiwemo za Wahawaii wenyewe, ziache kutumia maneno "Aloha Poke". Wenye chakula wanakatazwa jina la chakula chao! Hilo linahitaji siku yake. Haya, maswali, na tuanze na mama pale nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja ndimu.