Msimwambie "Kula Tu"

Nimeombwa nizungumzie msongo wa mawazo na ulaji wa wasichana, nami nitaanza na wanaume. Ni kwa makusudi.

Mwaka 1944, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea kwa utafiti wa njaa, wazima wa mwili na akili. Kwa miezi 6 wakapewa chakula cha takriban kalori 1,570 kwa siku. Kuna wasichana wanaokula pungufu ya hapo, nasi tunawasifu! Vijana wale wakaanza kuota chakula. Wakakusanya vitabu vya mapishi. Mlo mdogo waliuvuta weee, kisha wakaramba sahani. Wakawa wakali, wakajitenga na wenzao. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema wana njaa.

Sasa kuna atakayeniambia, "Lakini hawa wasichana wanatafuta urembo tu." Haya, kati ya wale 36, nani alikuwa akitafuta urembo? Ile ni kazi ya njaa yenyewe. Humgeuza yeyote.

Msichana ana mitihani, nyumbani hakukaliki, mchumba kamwacha. Kitu pekee anachokimudu ni sahani yake. Anajinyima, na kweli anapata ahueni kidogo. Watu wanamwambia, "Umepungua, umependeza!" Kisha usiku mmoja njaa inamshinda: kasimama jikoni gizani, anabugia mkate mkavu, sikio liko mlangoni. Haya inamjaa, anajitapisha, na kesho yake anajinyima zaidi. Mnamwita hana nidhamu? Nidhamu ndiyo iliyomfikisha hapo.

Mengine nayapitia haraka. Kujitapisha hushusha potasiamu mwilini na kuvuruga mapigo ya moyo, hata kwa mwenye uzito wa kawaida, kwa hiyo msisubiri akonde. Hedhi ikikatika, apelekwe hospitali. Aliyekaa na njaa muda mrefu msimshindilie chakula kwa mkupuo. Chumvi za damu zinaweza kuvurugika akafa, kwa hiyo daktari ndiye apange. Suala la mitandao ya kijamii naliacha, muda hautoshi.

Nyumbani, acheni kabisa habari za kilo, hata za kusifu. Kaeni naye mle pamoja, kwa saa zilezile kila siku, na mumuulize kinachomnyima usingizi. Akijibu, msimkatize.

Naam, maswali. Dada wa pale nyuma, karibu.