Kikulacho Betri Kimo Humo Humo Gitaani

Asanteni, kaeni. Kabla sijaanza naomba nione mikono. Nani hapa amewahi kuwa katikati ya wimbo, gitaa lako la besi likaanza kukoroma, likapungua sauti, halafu likanyamaza kabisa? Naam. Na ni wangapi mliweka betri mpya, mkashukuru Mungu, na baada ya wiki mbili mkarudi palepale? Mikono ni ileile. Basi leo nazungumza na hiyo mikono.

Besi ya betri, ile ambayo wauzaji huiita aktivu, ina priampu ndogo tumboni, yaani kikuza sauti cha awali, inayokula umeme wa betri ya volti 9. Ukiitazama, huoni swichi ya kuiwasha. Kuna vinobu vya volyumu na toni, basi. Watu wanaipiga miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza inawashwaje. Inawashwa na kebo.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana mambo karibu yote yanaanzia hapa. Jeki ya besi hiyo, yaani pale unapochomeka kebo, si ya mono, ni ya stereo. Ina miguso mitatu: ncha, pete na shina. Sauti hutokea kwenye ncha. Shina ndiyo ardhi, yaani njia ya umeme kurudia. Pete haina kazi ya sauti hata kidogo. Hapo ndipo ulipolehemiwa waya mweusi wa betri, yaani hasi. Kama hakuna kebo, hasi hiyo haina pa kwenda. Ukichomeka plagi ya kawaida ya mono, ambayo haina pete, shina lake refu linaigusa miguso ya pete na shina kwa pamoja, hasi inafika ardhini, priampu inaamka. Ni ujanja ninaoupenda sana. Pedali nyingi za gitaa, vile visanduku vya kubadili sauti vinavyokanyagwa kwa mguu, zinatumia ujanja huohuo.

Kwa hiyo kebo ikilala ndani ya gitaa, priampu hailali. Umezima amplifaya? Haijalishi. Umeshusha volyumu hadi sifuri? Haijalishi. Kirusha sauti kisicho na waya ulichokiacha kimechomekwa nacho ni plagi vilevile. Chomoa!

Sasa yule anayesema, "Mimi huchomoa kila siku, na bado inaisha." Huyo nisingemuuzia betri. Ningemuuliza swali moja: inaisha kwa muda gani? Betri nzuri ya alkalini ya volti 9 ina akiba ya takriban miliampea-saa 500. Priampu nyingi hula miliampea moja hivi, nyingine mbili au zaidi kidogo. Gawanya mwenyewe. Kwa miliampea moja unapata kama saa 500 za kupiga, na anayepiga saa 10 kwa wiki anakaribia mwaka. Lakini priampu hiyohiyo ikiwa macho usiku na mchana, saa 500 ni siku 21 tu. Ikiwa ni ya miliampea mbili, siku 10. Ndiyo maana mtu akiniambia "wiki mbili, tatu", sishtuki: priampu yake ni nzima, ila haizimiki. Akiniambia "jioni nimeweka, asubuhi imekufa", hilo ni jambo lingine. Kumaliza akiba hiyo kwa saa 12 kunataka miliampea 40, na hakuna priampu yenye akili timamu inayokula hivyo. Hapo kuna shoti, au kijenzi kimeungua. Na betri ikiwa ya moto mkononi, usiendelee kufikiri, itoe kwanza.

Kuhakikisha, chukua testa, kile kipimo cha umeme chenye namba (multimita). Ile kofia ya betri yenye vifungo viwili, iache ikibana kifungo kimoja, kingine kizungushe kitoke nje. Weka testa kwenye miliampea, ukianza na kipimo kikubwa, ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyo wazi, nyingine kwenye kifungo kilicho wazi. Tafadhali, testa ikiwa kwenye ampea usiiguse kwenye nguzo zote mbili za betri. Utaunguza fyuzi yake, na najua hivyo kwa sababu nimeshaunguza zaidi ya moja.

Bila kebo unatakiwa kuona sifuri. Ukiona miliampea moja, kisha ukachomeka kebo na namba isibadilike, jeki ndiyo mhalifu, au waya mweusi umelehemiwa ardhini moja kwa moja. Ukiona sifuri bila kebo, na makumi ya miliampea ukichomeka, shida iko kwenye priampu.

Mimi mwenyewe nilibadilisha priampu nzima kabla ya kuangalia jeki. Nimefungua, nimelehemu, nimefunga, betri imeisha vilevile. Kumbe nati ya jeki ilikuwa imelegea, jeki ikawa inazunguka kila nikichomeka, na mguu wa pete ukaenda kuegemea rangi nyeusi iliyopakwa ndani ya tundu la gitaa linalobeba jeki na nyaya. Rangi ile inapitisha umeme, imewekwa kuzuia mvumo, nayo imeunganishwa na ardhi. Wiki nyingine inagusa, wiki nyingine haigusi. Kazi ya dakika moja na spana. Kagua pia bapa la mguso wa pete: likipinda likaligusa la shina, ni yaleyale. Jeki ndefu za silinda sizipendi, kwa sababu huwezi kuona kinachoendelea ndani. Ikichakaa, badilisha tu.

Kuhusu betri zenyewe sina mengi. Za kaboni na zinki zina akiba ndogo zaidi, kwa hiyo usizilinganishe na alkalini halafu ukalilaumu gitaa. Na besi ya volti 18 ina betri mbili kwa mfululizo: volti zinaongezeka, saa haziongezeki. Zibadilishe zote kwa pamoja.

Ndiyo, kaka pale nyuma? Anauliza, akigeuza swichi ya pasivu kebo ikiwa ndani, anaokoa betri? Swali zuri, na jibu litakuudhi. Kwenye besi nyingi swichi ile inaipitisha sauti kando ya priampu tu. Betri inaendelea kuliwa, kwa sababu hasi yake bado inapitia kwenye jeki. Weka testa kama nilivyoeleza, geuza swichi huku ukiitazama namba. Isipotikisika, chomoa kebo kama sisi wengine.