Jinsi ya Kukagua Nishani ya Fedha Bila Kuiharibu

Karibuni Tanga. Hii hapa mezani ni nishani ya fedha waliyoitoa Waingereza kwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Najua kuna mtu ameshafikiria dawa ya meno. Tafadhali, iache bafuni. Ndimu na majivu ni vya sufuria. Huu weusi ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani; ukiusugua unaondoka na fedha yenyewe, na maandishi ndiyo yanayoumia.

Anza kwa kutandika taulo, ili ikikuponyoka isigonge meza. Vaa glavu za nitrili, zile za bluu za zahanati. Za kitambaa zinateleza, na za mpira wa kawaida zina salfa. Ishike kwa kingo tu, namna hii.

Upande wa kwanza: Mfalme George V, anatazama kushoto. Igeuze. Mtu uchi juu ya farasi, farasi anakanyaga ngao yenye tai, chini kuna fuvu na mifupa. Huyo ni Mtakatifu George, na tai ni wa maadui zake Mwingereza. Pima kipenyo: milimita 36. Vizuri.

Sasa ukingo. Hapa tusikimbie. Zima taa ya juu, washa tochi, ilaze karibu iguse meza. Zungusha nishani polepole… mnaona? Herufi zinajitokeza zenyewe kwa kivuli chake. Namba, cheo, jina, kikosi. Afisa hawekewi namba. Jina silisomi hapa, lakini kikosi ni hiki: L.N. LAN. R., yaani Loyal North Lancashire.

Batalioni ya 2 ya kikosi hicho ilikuja hapa Novemba 1914 kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani, pamoja na wanajeshi kutoka India, chini ya Meja Jenerali Aitken. Walikuwa kama 8,000. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, baadhi wakiletwa kwa reli kutoka Moshi, na bado aliwarudisha baharini. Nyuki waliowavamia wapiganaji katikati ya vita mnawajua, hadithi yao kila mtu wa Tanga anayo. Wao walidunga pande zote mbili.

Lakini taratibu. Nishani hii haitaji Tanga popote, na batalioni nyingine za kikosi hicho zilipigana Ufaransa. Kwa hiyo usiandike kwenye lebo kwamba mwenyewe alipigana hapa. Piga picha ya ukingo, kipande kwa kipande, kisha tafuta namba ile kwenye kadi za nishani zilizo Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Angalia pia kama sehemu ya ukingo imekuwa nyembamba: huenda jina la kwanza lilikwanguliwa likawekwa la mtu mwingine. Wafanyabiashara wa vitu vya kale wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyokubali.

Kuhifadhi ni haraka. Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Ifunge kwa karatasi isiyo na asidi, tia kwenye mfuko wa zipu wa polithini pamoja na vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Kwa hewa ya chumvi ya hapa pwani, vibadilishe mara kwa mara. Usifunge kwa rababendi. Utepe wake uweke mbali na jua, rangi ya machungwa hupauka.

Namba ya mkusanyo iandike kwa penseli kwenye karatasi ya nje. Kwenye nishani usiandike kitu.