Kanisa la Mtaa wa 16: Mei kabla ya Septemba

Ndugu zangu, Kanisa la Baptisti la Mtaa wa 16, mjini Birmingham, Alabama, Marekani, hutajwa kwa sababu ya bomu. Nawaomba leo tuanzie kwenye jengo lenyewe. Lilikamilika mwaka 1911, na aliyelichora ni msanifu majengo Mweusi, Wallace Rayfield. Katika mji uliomtenga mtu Mweusi shuleni, mkahawani na hata bustanini, hapa watu wengi waliweza kukusanyika bila kumpigia Mzungu hodi. Bila ukumbi huo, Mei 1963 isingekuwa ile tunayoijua.

Maandamano ya kupinga ubaguzi huo yalikuwa yamepoa. Watu wazima walisita, na sitawalaumu: ukikamatwa unaweza kupoteza kazi, na watoto wanataka kula. Mchungaji James Bevel akasema tuwaite wanafunzi. Wapo waliopinga, na mzazi yeyote hapa anaelewa kwa nini. Lakini tarehe 2 Mei wanafunzi walitoroka madarasa, wakajaa kanisani, wakatoka kundi baada ya kundi wakiimba. Mamia walikamatwa siku hiyohiyo. Kesho yake wakaja wengine! Ndipo Bull Connor, kamishna aliyesimamia polisi na zimamoto, akaamuru wapigwe maji ya mabomba na kufukuzwa kwa mbwa, pale Kelly Ingram, bustani inayotazamana na kanisa. Picha zikaenea duniani. Tarehe 10 Mei yakatangazwa makubaliano ya kuanza kuondoa ubaguzi madukani.

Kwa hiyo waliotega bomu Jumapili ya tarehe 15 Septemba walijua wanachokipiga. Lililipuka saa 4:22 asubuhi. Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson walikuwa na miaka 14. Denise McNair, 11. Wasichana hao wanne waliuawa. Walikuwa chumba cha chini, wakijiandaa kwa ibada. Sarah, mdogo wake Addie Mae, alitolewa hai, jicho moja limekwenda.

Na haki? FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilifunga jalada mwaka 1968 bila mtu kushtakiwa kwa mauaji hayo. Robert Chambliss, mmoja wa washukiwa wanne, alihukumiwa 1977, baada ya Bill Baxley, mwanasheria mkuu wa Alabama, kuifufua kesi. Thomas Blanton, 2001. Bobby Frank Cherry, 2002. Mshukiwa wa nne, Herman Cash, alifariki 1994. Hakuwahi kusimama kizimbani kwa ajili ya watoto wale.