Kisu hakinoleki? Tazama hapa kwanza

Karibuni tena. Leo niko Dunga, hapa Kisumu, na nina visu viwili vya kukunja. Hiki ni chuma cha kaboni, aina inayoitwa 1095. Hiki kingine ni chuma aina ya D2: kaboni asilimia 1.5 hivi, kromiamu kama 12. Cha kwanza ukikiacha na maji ya samaki usiku mmoja, asubuhi kina kutu, lakini kinanoleka upesi. Cha pili hukaa na makali muda mrefu, ila siku yakiisha utatoka jasho. Wengi hukitupa wakidhani ni kibovu.

Kinoo changu kina pande mbili: 400, wenye chembe kubwa, na 1000, ulio laini zaidi. Nimekiloweka hadi kikaacha kutoa mapovu, nikakiweka juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Tunaanza na 400.

Sasa pembe, na hapa ndipo watu huharibu. Simamisha kisu wima. Kilaze nusu: digrii 45. Kilaze nusu tena: 22 na ushei. Basi, hapo hapo. Kama huuamini mkono wako, paka wino wa feltipeni kandokando ya makali, pitisha mara mbili, kisha angalia. Wino umetoka upande wa mgongoni tu? Umelaza mno. Umetoka kwenye makali yenyewe tu? Umeinua mno.

Sukuma makali yakitangulia, toka kwenye kipini hadi nchani. Mnaniuliza mara ngapi, mimi sihesabu. Papasa upande wa pili kwa kidole gumba, kutoka mgongoni kwenda nje, usipapase kwa urefu wa makali. Ukihisi kitu kinakwaruza kidogo, kama mdomo wa kopo lililofunguliwa, chuma kimegeukia huko. Kikihisika urefu wote, geuza kisu. Hiki cha 1095 kimechukua dakika tatu. Cha D2 nimekata video, ilikuwa karibu robo saa.

Chako kikiwa kimeandikwa S30V, aina nyingine ya chuma, usijichoshe na kinoo hiki. Kina vanadiamu, na chembe zake ni ngumu kuliko mchanga wa kinoo cha kawaida. Tafuta bamba la almasi.

Hamia 1000, punguza nguvu. Malizia kwa mshipi wa ngozi, ukiburuta mgongo utangulie.

Na grinda kavu, tafadhali, hapana. Niliwahi kupeleka kisu changu kwa fundi mmoja, kikarudi kinang'aa, lakini ncha ni ya buluu. Buluu hiyo ni joto la karibu digrii 300. Ugumu ulitoka, na sehemu hiyo mpaka leo haishiki makali.

Haya, ngege huyu hapa. Magamba naparua kwa mgongo wa kisu, makali yasipotee bure. Sasa ngozi... mmeona? Sikusukuma. Hiki cha 1095 nakifuta, tone la mafuta ya kupikia, ndipo nakikunja.