Kelele Siyo Nguvu: Taimingi ya Pampu kwenye Hilux ya Dizeli

MWANAIDI: Haya wasikilizaji, karibuni tena. Mimi Mwanaidi, na mwenzangu ni fundi Kombo, ambaye ameingia studio na kucha zenye grisi kama kawaida yake. Leo zamu ya wenye pikapu za zamani za dizeli, hasa Hilux zenye injini ya 3L na 5L. Ombi lao ni lilelile kila siku: "Fundi, gari haivuti, nizungushie pampu kidogo."

KOMBO: Na wapo watakaokuzungushia palepale, injini ikiwa inaunguruma. Analegeza nati, anaigonga pampu ya dizeli kidogo igeuke, mafuta yaingie mapema, injini inaanza kugonga kwa ukali, mwenye gari anachekelea: "Sasa imeamka!" Haijaamka, dada yangu. Inapiga kelele.

MWANAIDI: Ngoja kwanza, usinipite. Gari ya hivyo nimeshaiendesha. Ukikanyaga, inaitika.

KOMBO: Inaitika, sikatai. Tuingie ndani ya silinda ndiyo utaona kwa nini. Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa sana, kwenye 5L ni mara 22 na kidogo, mpaka inapata joto la kuwasha mafuta. Lakini mafuta yakirushwa hayawaki papo hapo. Yageuke mvuke kwanza, yachanganyike na hewa, ndipo moto ushike. Chukulia milisekunde moja hivi. Ndiyo maana pampu hairushi pistoni ikiwa imeshafika juu kabisa. Inarusha kabla, ili moto ukikolea, pistoni iwe ndiyo kwanza inaanza kushuka. Huo wakati wa kurusha mafuta ndio taimingi.

MWANAIDI: Milisekunde moja ni nini bwana, hata kope haijafumba.

KOMBO: Kwa krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ni safari ndefu! Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, mizunguko 750 kwa dakika, digrii 10 za krenki zinachukua milisekunde mbili na ushee. Mafuta yana nafasi ya kutosha. Fika mizunguko 3,000, digrii zilezile 10 zinapita kwa nusu milisekunde. Mafuta yanahitaji muda uleule, ila injini haisubiri. Kwa hiyo kadiri mwendo unavyoongezeka, lazima mafuta yatangulie zaidi.

MWANAIDI: Na hiyo kazi anaifanya nani? Maana hakuna mtu wa kuzungusha pampu gari ikiwa inakimbia.

KOMBO: Pampu yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ndani ya pampu hiyo ya mviringo kuna pampu nyingine ndogo ya vibapa, yaani visahani bapa vinavyozunguka, inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Mwendo ukipanda, presha yake inapanda, inasukuma kipistoni kilicholala chini ya pampu, nacho kinageuza ringi ya rola ili mafuta yatoke mapema. Kwa hiyo taimingi ziko mbili: ile unayoiweka kwa mkono kwa kugeuza bodi ya pampu, na ile inayojiongeza yenyewe barabarani.

MWANAIDI: Sasa vile vibapa vikichakaa?

KOMBO: Umefika penyewe. Presha inakuwa ndogo, taimingi haijiongezi inavyotakiwa. Sailensa gari iko sawa, barabarani imelala, ekzosi inatoa moto kwa sababu mafuta yanawaka kwa kuchelewa, valvu ikiwa inakaribia kufunguka. Mwenye gari anakwenda kuzungushiwa pampu. Barabarani anapata nafuu, kweli. Lakini sasa kwenye sailensa na kwenye mwendo mdogo mafuta yanaingia mapema mno. Asubuhi injini inawaka kwa shida, inagonga, na kila kigongo kile ni presha inayopanda ghafla pistoni ikiwa bado inapanda juu. Inayobeba mzigo huo ni gasketi ya silinda hedi, beringi za koni rodi, na hedi yenyewe. Na injini hizi za L hazijulikani kwa hedi za kuvumilia mateso.

MWANAIDI: Hapo nakuona umekunja uso.

KOMBO: Nimeziona hedi zilizopasuka katikati ya valvu, dada. Halafu ongeza mlima. Pikapu imepakia viazi, unapanda Kitonga kwa gia ya pili, upepo wa mbele hakuna, feni peke yake ndiyo inahangaika. Taimingi ikiwa mbele mno, yaani mafuta yanawahi, silinda zinapigwa. Ikiwa nyuma mno, joto linajaa kwenye hedi na ekzosi, mshale wa joto unapanda. Pande zote mbili ni hasara. Hakuna upande wa "afadhali".

MWANAIDI: Vibapa vinachakaa kwa nini mapema? Maana pampu za Denso zimedumu miaka.

KOMBO: Pampu hii haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Sasa wewe weka dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi hivyo. Weka na maji kidogo, filta haijabadilishwa tangu gari inunuliwe. Pampu inajisaga yenyewe kimyakimya. Pampu ya hivyo dawa yake si spana, ipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia.

MWANAIDI: Sawa, tuseme pampu ni nzima. Nitajuaje shida yangu ni taimingi kweli?

KOMBO: Anza na vya bei ndogo. Filta ya dizeli, filta ya hewa, hewa inayoingia kwenye mipira ya mafuta, kebo ya akseleta kama inafika mwisho. Utashangaa ni gari ngapi "hazina nguvu" kwa sababu kebo imelegea tu! Kisha nozo, zile zinazonyunyizia mafuta kwenye silinda. Nozo mbovu inagonga vilevile kama taimingi iliyotangulia. Kuzitofautisha ni rahisi: injini ikiwa sailensa, legeza nati ya paipu kwenye nozo moja moja, kwa spana namba 17. Ukilegeza moja na kigongo kikapotea, mwenye kosa ni silinda hiyo. Kisipobadilika popote, hapo ndipo uishuku taimingi. Na tafadhali, usizibe mvujo kwa kidole. Mafuta ya paipu zile yanatoboa ngozi.

MWANAIDI: Moshi je?

KOMBO: Moshi mweupe asubuhi unaochoma macho, na gari imelala: mara nyingi taimingi iko nyuma. Mweusi peke yake usiulaumu haraka, unaweza kuwa wingi wa mafuta au uchache wa hewa. Na uangalie mkanda wa taimingi. Ukichoka unalegea, pampu inabaki nyuma. Ukifungwa mpya ukakosea jino moja, hapo huwezi kurekebisha kwa kugeuza bodi. Fungua, anza upya.

MWANAIDI: Twende kwenye kupima kwenyewe.

KOMBO: Kwanza kabisa, kabla hujalegeza chochote, chora mstari wako kutoka kwenye bodi ya pampu mpaka kwenye kava inapofungwa. Ukipotea, unarudi hapo. Halafu kuna kifaa cha kuwashia injini ikiwa baridi, kile chenye nta. Kinatanguliza taimingi chenyewe, kwa hiyo ukipima bila kukiachisha, kipimo chote ni uongo. Fungua boliti iliyo katikati ya zile paipu nne nyuma ya pampu, ingiza daio geji, kile kipimo cha mshale. Rudisha krenki kama digrii 25 au 30 kabla ya pistoni ya kwanza kufika juu, mshale utulie, weka sifuri. Sasa zungusha taratibu kufuata mwendo wa injini mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu, usome plunja, ile pini ya pampu inayosukuma mafuta kwenda kwenye nozo, imesogea milimita ngapi. Kipimo sahihi kiko kwenye manyuo, kitabu cha maelekezo cha injini yako. Cha 2L usikitumie kwenye 5L.

MWANAIDI: Ikiwa pungufu?

KOMBO: Ikiwa pungufu, taimingi imechelewa. Legeza paipu za nozo kwenye pampu, legeza nati za mbele na bracketi ya nyuma, ugeuze bodi kinyume na shafti yake inavyozunguka. Injini hii ukiitazama kwa mbele inazunguka kama saa, kwa hiyo kutanguliza ni kinyume cha saa. Na kidogokidogo! Pampu inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, hivyo digrii moja ya pampu ni mbili za krenki. Milimita moja pale ukingoni ni zaidi ya digrii mbili za krenki. Ukishakaza, pima tena, maana kukaza kwenyewe kunaisogeza.

MWANAIDI: Wa Mbeya na Njombe wanauliza, huko juu wafanyeje?

KOMBO: Hewa ya kule ni nyepesi, mafuta yanachelewa kuwaka, na moshi mweusi unaongezeka. Wakae upande wa mbele wa kipimo cha manyuo, wasitoke nje yake. Na moshi huo wanaupunguza kwa kupunguza mafuta, siyo kwa kugeuza pampu.

MWANAIDI: Na mwenye D-4D, ile dizeli mpya ya Toyota, anayetusikiliza?

KOMBO: Huyo asiguse pampu yake kabisa. Pampu ya D-4D inajaza presha tu kwenye reli, paipu inayogawa mafuta kwa nozo, saa ya kurusha inaamuliwa na kompyuta. Akiambiwa "tukuzungushie taimingi", achukue funguo zake aondoke.

MWANAIDI: Haya. Wiki ijayo fundi analeta nozo mbovu mezani, tuzikate tuzione ndani. Maswali tutumieni mapema, na mtaje injini yenu ni ipi. "Hilux nyeupe" haitusaidii.